Valvu Yako Imezeeka, au Kuna Kitu Kinaiua?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amplifaya yake imepoteza makali, na fundi amemwambia abadilishe valvu zote, yaani zile taa za kioo zisizo na hewa ndani zinazokuza sauti. Moyo uliniuma, maana mimi pia niliwahi kuambiwa hivyo, nikatii.

Amplifaya yangu ilikuwa na EL34 mbili, valvu za nguvu zinazosukuma spika. Usiku mmoja, katikati ya wimbo, spika zikaanza kukoroma. Nikachungulia nyuma: bati la anodi, lile linalopokea elektroni, la valvu ya kulia limeiva jekundu kama kaa la moto, na doa linazidi kutanuka. Nikazima upesi. Fundi hakufungua hata skrubu moja. "Zimezeeka hizo, nunua jozi mpya." Nikanunua. Siku ya 12, upande uleule, wekundu uleule. Niliporudi kwake akasema nimeuziwa feki, na kwamba mambo haya si ya watu kama mimi. Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Nikaketi nikasoma. Ni kweli valvu huzeeka: kathodi yake, sehemu inayotoa elektroni, imepakwa oksidi za bariamu na strontiamu, na kadiri inavyotumika ndivyo uwezo wake wa kutoa elektroni unavyofifia. Lakini uzee huo huja taratibu, sauti ikififia na besi ikilegea bila wewe kutambua. Valvu za nguvu huhimili saa elfu kadhaa. Ndogo kama ECC83 zaweza kufika 10,000. Sasa yangu ilizeekaje ndani ya siku 12?

Nilichomoa valvu, nikapima kwenye soketi, kwa uangalifu mkubwa, volti za gridi, ule waya ambao kwa volti hasi hubana mkondo wa elektroni. Kushoto, hasi 36. Kulia, hasi 14. Kapasita inayopitisha sauti kwenda kwenye gridi ile ilikuwa inavuja DC, umeme wa mkondo mnyoofu ambao ilipaswa kuuzuia, kwa hiyo gridi ilipoteza uhasi wake na valvu ilikuwa inafunguka kupita kiasi hadi kuungua. Kapasita yenyewe ni ndogo kuliko kidole changu cha mwisho! Niliibadilisha kwa mkono wangu mwenyewe, na jozi ya tatu inaimba mwaka wa 6 huu.

Ndugu zangu, tazameni kabla ya kununua. Ule mng'ao wa fedha ndani ya kioo ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa, hakuna mjadala. Mwanga wa buluu unaotambaa kwenye kioo usikutishe. Wa zambarau ndani ya mabati ni gesi, zima. Ukishuku valvu moja, ibadilishane soketi na mwenzake, jicho likiwa kwenye anodi na mkono kwenye swichi. Tatizo likihama nayo, mkosaji ni valvu. Likibaki palepale, usinunue kitu, tafuta kwenye saketi. Ila humo ndani mna volti 400 na zaidi, na kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuzima. Kama hujui kuzitoa chaji, usifungue kabisa.

Msomaji wangu nimemwomba anitumie picha za valvu zake kabla hajamlipa fundi chochote. Nasubiri.