K isiyosikika

Swali: Maneno ya Kiingereza yanayoanza na kn hunichanganya. Ile k inasomwaje?

Jibu: Haisomwi kabisa, anza na n. Knee ni goti, knife kisu, knot fundo, knock kubisha hodi, knead kukanda unga. Zamani k hiyo ilitamkwa. Ilipopotea mdomoni, tahajia ikabaki vilevile.

Wengi hukwama kwenye kuandika, maana sikio halisaidii: know, kujua, husikika sawasawa na no, hapana, knight, askari wa zamani mpanda farasi, sawa na night, usiku. Haya yajifunze kwa jozi, kila jozi katika sentensi moja. Na angalia wingi wa knife: ni knives, f hugeuka v.