Kutu ya kizingiti cha kushoto

Wiki iliyopita mliuliza: "Gari kuukuu la Kijapani lililoliwa na kutu, lafaa kufufuliwa nyumbani, au ni kutupa pesa baharini?" La pesa nawaachia wengine. Mimi nina Datsun 1200 coupe ya mwaka 1972, milango miwili, mgongo umeteremka hadi kwenye buti, nayo imekaa chini ya mwembe wetu hapa Kisauni, Mombasa, tangu 1996, nikiwa darasa la tano. Neno lililonichoma katika swali lenu ni "nyumbani".

Nilipokaa kuandika nilikuwa na jibu moja tu: nyumbani, wala usimpe mtu. Sisi wa pwani twajua. Unapeleka gari lenye kutu gereji, baada ya wiki linarudi linang'aa, majirani wanakupongeza. Masika ya pili yakiisha, rangi inaota malengelenge. Pasua lengelenge moja kwa kucha: puti, ile lipu ya kusawazishia bodi kabla ya rangi, na chini ya puti kutu ileile, sasa imenenepa. Puti hunywa maji kama sponji. Ukiipaka juu ya kutu umeiwekea kutu kitanda. Ndiyo maana nilisema grinda nitaishika mwenyewe, nione kwa macho yangu mpaka chuma cheupe kitokee.

Na mengi kweli niliyafanya mwenyewe, naomba nisidharauliwe. Injini haikunisumbua. Ni A12, cc 1171, chuma kisicho na makuu, na Nissan, ndio waliounda Datsun, waliendelea kutumia injini za ukoo huo Afrika Kusini kwenye pikapu yao ya 1400 hadi 2008, kwa hivyo gasketi na vifaa vya kabureta bado mtu huvipata akivumilia. Vipande vidogo vyenye kutu, bawaba, mabano ya bampa, skrubu za milango, nilivitumbukiza kwenye ndoo ya maji yenye magadi, yaya haya magadi ya dukani. Waya hasi wa chaja ya betri nikauunga kwenye kipande changu, chanya kwenye chuma chakavu kilichozama ndoo hiyohiyo bila kugusana na mwenzake. Asubuhi kutu imelegea, unaisugua kwa brashi inatoka kama masizi ya sufuria. Fanyieni mahali wazi penye hewa, ile gesi inayobubujika hushika moto. Na msitumie kijiko wala chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maji yake huwa sumu.

Baba alilipenda gari hili kwa sababu ya Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Kila Pasaka alitusimulia jinsi Datsun 240Z ilivyoshinda 1971 na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta, ambaye mwaka huo alimaliza pointi sawa na Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun. Letu ni mdogo wake tu yule, tena mdogo wa mwisho, lakini kwa Baba ilikuwa damu moja.

Sasa nije kwenye kizingiti.

Ilikuwa Jumapili, Juni 2019. Mjomba alikuja kutoka Likoni, akavuka feri na nyundo zake ndani ya kikapu cha ukili. Alikuwa fundi wa bodi miaka arubaini, sasa macho yamepungua nguvu, lakini vidole vyake bado vinaona. Alikuwa akigonga bodi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chuma hulia. Puti hainong'oni. Tulianza mbele, chini ya kioo, pale maji ya mvua yanapoingia kwenye matundu ya hewa. Majani ya mwembe yalikuwa yamejaa huko yakawa udongo, vitundu vya kutolea maji vimeziba, na maji yote yalikuwa yakishukia miguuni pa abiria. Sakafu ya upande huo niliisukuma kwa bisibisi ikapenya mpaka nikaona nyasi. Kwenye kitako cha betri asidi ilikuwa imekula tundu la ukubwa wa sahani. Hayo yote niliyatarajia. Gari lolote la miaka ile lililolala pwani huoza hapo.

Kizingiti cha kushoto ndicho kilichoonekana kizima. Namaanisha ule mwamba wa chini ya mlango, unaotoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Nikafurahi, kwa sababu gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa, na coupe ina mlango mrefu, kwa hiyo vizingiti viwili vile ndivyo vinavyozuia gari kuinama katikati. Nikamwambia Mjomba, tazama, huu umenusurika. Hakujibu. Nikaweka sumaku. Ikaanguka. Nikaisogeza mbele shibiri moja, ikaanguka tena. Nikachukua patasi.

Puti ilitoka kwa mapande mazito kama dole gumba. Nyuma yake wavu wa waya wa banda la kuku. Nyuma ya wavu gunia, na ndani ya gunia magazeti yaliyokunjwakunjwa na kushindiliwa kwa ustadi, karatasi juu ya karatasi, mpaka umbo la kizingiti likatimia. Moja lilikuwa bado linasomeka, tangazo la sabuni. Chuma chenyewe kilikuwa kimebaki utepe wa juu tu. Nilikasirika mikono ikatetemeka. Nilisema maneno sitayaandika hapa. Nikauliza, ni fundi gani huyu aliyemwibia Baba hivi?

Mjomba aliketi juu ya gurudumu la akiba. Akasema, "Ni mimi, mwanangu."

Mama alikuwa ametuletea chai na mahamri, amesimama mlangoni. Akasema, "Kaka, mwambie na habari ya sumaku."

Basi akaniambia. Mwaka 1991 Baba hakuwa na kazi, na karo ya sekondari ya kaka yangu ilikuwa imefika. Akapata mnunuzi, aje Jumamosi. Kutengeneza kizingiti kwa chuma kulitaka gesi na wiki nzima, na pesa ya gesi haikuwepo. Mjomba alifanya kazi ile usiku mbili, hapahapa uani, Baba akimshikia taa. Jumamosi mnunuzi akaja na sumaku ndani ya leso. Alizunguka gari mara moja, akainama, akasimama, akaaga kwa adabu akaenda zake. Karo ililipwa kwa bangili za Mama. Na kwa kuwa pesa ya kulifungua tena haikuwepo, Baba aliliendesha hivyohivyo miaka mitano. Idd tulikwenda Malindi, watoto wanne nyuma, magazeti chini ya mlango. Alijua. Siku zote alikuwa akiendesha polepole sana na sisi tulidhani ni kwa kulionea fahari.

Sijui niwaeleze vipi siku ile. Sikumlaumu Mjomba, nimelelewa mikononi mwake. Baba sikuweza kumuuliza, alifariki 2014. Lakini lile jibu langu, kwamba nyumbani ndipo kazi ya kweli hufanyika na gereji ndipo kutu hufichwa, lilidondoka chini pamoja na ile sumaku. Kutu yetu ilifichwa nyumbani, na watu waliotupenda.

Tukaendelea, kwa ukaidi wangu. Kwanza tulichomelea mabomba ya mraba kukingama uwazi wa mlango, gari likiwa sawasawa juu ya vigingi, kwa sababu ukikata kizingiti bila hivyo bodi hushuka na mlango haufungi tena maisha. Hilo tulilifanya vizuri. Kisha nikakosea. Nilikuwa na mashine ya kuchomelea ya kijiti, ile ya kutengenezea mageti. Bati la bodi ni jembamba, halifiki hata milimita moja, na moto wa kijiti hulitoboa na kulikunja. Niliziba tundu moja nikafungua matatu. Mabaya zaidi, bati nililokata lilikuwa la paa, lenye zinki. Moshi mweupe ulitoka, Mjomba alikuwa karibu yangu, na usiku ule alishikwa na homa na baridi mpaka meno yakagongana. Alipona kesho yake. Mimi sijajisamehe.

Kwa hiyo nasema hivi sasa, na najua nimeanza kwa kusema kinyume. Kufungua, kusafisha, injini, breki kama una mtu wa kukukagua, viti, nyaya, kusugua msasa mpaka mabega yaume: nyumbani, na msimnyime mtoto nafasi ya kushika spana. Lakini vizingiti, na pale vikombe vya springi vinapokaa, na kila chuma kinachobeba uzito wa watu, peleka kwa fundi mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, na waya uwe mwembamba, anayepiga nukta moja huku, nyingine kule, akisubiri chuma kipoe. Tangi la mafuta litoke kwanza. Ikiwa fundi hataki ukae pale utazame, ondoka. Ikiwa mko mbali na bahari na kutu yenu ni ya juujuu tu, huenda haya hayawahusu. Na ikiwa huna paa la kuliweka gari, usikate chochote kwanza, jenga paa.

Letu lilikwenda kwa fundi wa namna hiyo, kwa lori, mwezi wa Februari. Mjomba alikaa pale siku nne juu ya kigoda, mbali na moshi, akisikiliza. Mlango wa kushoto sasa unafunga kwa kusukumwa na kidole kimoja. Ndani ya kizingiti tumenyunyizia nta, na Mjomba akamwomba fundi aache matundu mawili chini, yenye vizibo vya mpira, mapana ya kutosha kuingiza tochi. Atakayelichukua gari hili baada yangu atoe kizibo, amulike.