Uyoga wa kichuguu hauoti bila mchwa

Ndugu, umeuliza kwa nini uyoga wa kichuguuni hurudi palepale kila masika, na kama unaweza kuuhamishia bandani.

Uyoga ule unalimwa na mchwa wenyewe. Mchwa vibarua hutafuna nyasi kavu na vijiti, kisha kinyesi chao hukijenga kama masega ya rangi ya kahawia, laini, yenye matundu. Humo ndimo kuvu anayezaa uyoga huo, aitwaye Termitomyces, huota. Ukivunja kipande utaona vidonge vyeupe vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Vidonge hivyo ndivyo mchwa hula. Kuvu huyo humeng'enya sehemu ngumu ya mti ambayo mchwa peke yao hawaiwezi, naye analindwa kwenye joto la karibu nyuzi 30 na unyevu wa kutosha. Ushirikiano huu una miaka takriban milioni 30, na ulianzia Afrika.

Chimba taratibu kufuata shina la uyoga: linashuka hadi kwenye sega. Ndiyo maana kuuhamisha hakufai. Mchwa wakitoweka, kuvu wengine huvamia sega upesi. Bandani panda uyoga wa mamama (oyster), na kichuguu tafadhali usikipulizie dawa.