Kodi P0118 inarudi baada ya kubadilisha sensa ya joto la injini

SWALI: Gari langu ni Toyota yenye injini ya 1NZ-FE. Hapa Iringa asubuhi linasumbua kuwaka, na likishawaka feni ya rejeta inaanza kuzunguka papo hapo ilhali injini bado ni ya baridi. Fundi alipima kwa mashine akapata kodi P0118 (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari), akafunga sensa nyingine iliyotumika. Baada ya siku mbili taa ya injini imewaka tena kwa kodi ile ile. Je, nimeuziwa sensa mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, inawezekana, lakini nakusihi usinunue sensa ya tatu kabla ya kupima nyaya. Kodi hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba kompyuta ya gari imeona volti kubwa mno kwenye njia ya sensa, na jambo hilo huletwa na sensa iliyokatika ndani, waya uliokatika, au soketi isiyoshika.

Kompyuta hupeleka volti 5 kwenye sensa, na ukinzani wa sensa, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, hupungua kadiri maji yanavyopata joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 hivi, na kwenye nyuzi 80 hushuka hadi kati ya 200 na 400. Njia ikikatika, kompyuta huona kana kwamba kuna baridi ya ajabu, na mashine ya kupimia huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa kuwa haiwezi kuamini namba hiyo, kompyuta hujiwekea nyuzi 80 za kukisia na kuwasha feni kwa usalama. Ndiyo maana asubuhi ya baridi injini yako hupewa kiasi cha mafuta kinachofaa injini iliyokwisha kupata moto, ikakataa kuwaka.

Mwombe fundi afungue switi bila kuwasha injini, aunganishe mashine, kisha achomoe soketi ya sensa na kuunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya mwembamba. Joto likiruka kutoka 40 chini ya sifuri hadi 140 hivi, nyaya na kompyuta ni nzima, na tatizo limebaki kwenye sensa au kwenye mguso wa soketi. Likibaki pale pale, waya umekatika mahali fulani. Apime kama volti 5 zinafika kwenye tundu moja, na kama tundu la pili lina njia ya kurudi kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ishukiwe mwisho kabisa.

Kwa kuwa kodi ilikaa siku mbili ndipo ikarudi, mimi ningeanza na soketi. Tazameni kama kuna kutu ya kijani, au kichuma cha ndani kilichorudi nyuma au kupanuka kikawa hakibani tena. Kisha ushikeni kila waya sentimita chache kutoka kwenye soketi na kuuvuta taratibu: ukirefuka kama mpira, shaba imekatika ndani ingawa ganda la nje linaonekana zima. Gari liwe linanguruma mnapoutikisa, na jicho liwe kwenye namba ya joto.

Sensa iliyotumika nayo ipimwe kwa mita ndani ya sufuria ya maji yanayochemshwa, pamoja na kipimajoto. Ikibidi kuifungua, injini iwe imepoa kabisa, kwa sababu maji ya rejeta yaliyo chini ya shinikizo huunguza vibaya.

Baada ya matengenezo, ukisafiri na namba ya joto ikawa inasimama kwenye 60 hivi bila kupanda, usiilaumu sensa tena. Gereji nyingi huitoa themostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, kwa hofu ya gari kuchemsha, na ile ya injini yako hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo, injini hukimbia ikiwa baridi na kunywa mafuta, na sensa inakuwa inasema kweli tupu.