Nimechoka hata kuomba

SWALI: Shikamoo Mama. Namuuguza mama yangu, mwaka wa pili sasa. Usiku namgeuza kila baada ya saa mbili, alfajiri nakaanga maandazi ya kuuza. Nikipiga magoti nasinzia. Wenzangu wa jumuiya wanasema imani yangu imepoa. Nifanyeje?
Muuza Maandazi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, moto wa Mungu umeshuka watu wote wakiona. Malkia Yezebeli akamtumia ujumbe mmoja tu wa vitisho, mwanamume akakimbilia nyikani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Kisha akalala.

Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia aamke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena! Akaguswa mara ya pili, akala, ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu. Mungu alianza kumuuliza maswali huko, tena baada ya usingizi.

Nami nilipomuuguza marehemu mume wangu, sala yangu ilikuwa "Bwana, unaniona," huku nafua mashuka. Basi.

Kwa hiyo lala. Na hao wanaokupimia imani, waambie Jumamosi mmoja aje ashike zamu ya usiku kwa mama, mwingine akande unga. Wakija na vitabu vya nyimbo tu, wakaribishe maji, wewe ingia ndani ukajinyooshe.