Je, lugha rahisi inaishushia Biblia hadhi?

Ndugu, umeuliza kama kuiandika Biblia kwa lugha ya kila siku ni kuishushia hadhi. Mimi naona hapana. Agano Jipya lenyewe liliandikwa kwa Kigiriki cha Koine, yaani Kigiriki cha kawaida cha zama zile, kilekile cha barua za nyumbani na hati za madeni. Chukua Waefeso 1:3-14: kwa Kigiriki ni sentensi moja, ndefu mpaka pumzi inakata! Mfasiri akiigawa, msomaji anapumua, ila hapo mfasiri ameshakuamulia. "Katika pendo" ya mstari wa 4, je, inafunga mstari huo au inafungua wa 5? Ukitaka kujenga hoja juu ya mstari kama huo, kuwa pia na tafsiri ya neno kwa neno mkononi, ulinganishe. Zaburi ndizo zinazonipa shida. Ushairi ukinyooshwa mno unabaki maelezo tu.