Miji ya Mwendo wa Farasi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nasi sote hapa nyumbani tu wazima. Umeniuliza jambo lililonishughulisha hata mimi, tangu siku nilizokuwa kijana katika mashamba ya ngano ya Basotu, kule Hanang, ambako wataalamu wa Kikanada walitufundisha kazi ya mashine: mbona katika tambarare za Saskatchewan, jimbo la Kanada, miji midogo imepangana kando ya reli kama shanga uzini, na mbona mingi imebaki na kanisa lililofungwa na nyumba tatu nne tu.

Chanzo chake ni farasi. Mkulima aliyevuna ngano mwaka 1910 alitakiwa kuipakia kwenye gari la farasi, kuifikisha reli ilipo na kurudi kwake kabla ya giza kuingia, na farasi mwenye mzigo haendi mbali. Kwa sababu hiyo makampuni ya reli yaliweka stesheni kila baada ya maili 8 au 10 hivi, na penye stesheni pakasimama ghala refu la mbao la kupokelea ngano, kisha duka, posta na shule. Miji hiyo haikuota kando ya mto wala kwenye soko la kale, bali ilipangwa ofisini juu ya ramani. Ukifuata reli iliyokuwa ya Grand Trunk Pacific, mashariki mwa jimbo, utapita Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin na Kelliher, maana stesheni zilipewa majina kwa mfuatano wa alfabeti.

Walioijaza miji hiyo walivutwa na sheria ya mwaka 1872, iliyompa mtu ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi aishi hapo na kuilima kwa miaka mitatu. Walikuja kutoka Ukraine, Urusi, Ujerumani, Skandinavia na Marekani. Walikuwamo pia wakulima weusi kutoka Oklahoma, waliofungua mashamba karibu na Maidstone, na ni vyema ujue kwamba mwaka 1911 baraza la mawaziri la Kanada liliidhinisha amri ya kuwazuia watu weusi kuingia kwa mwaka mzima, ingawa amri hiyo haikutekelezwa.

Lakini usikubali ukiambiwa kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Watu wa Cree, wenyeji wa asili, waliishi kwa kuwinda baisoni, yaani nyati wa Amerika, na walipotia saini Mkataba wa Sita, mkataba wa ardhi na Ufalme wa Uingereza, mwaka 1876 wanyama hao walikuwa wakitoweka na njaa ikibisha hodi. Wametis, wazao wa mama wenyeji na baba Wazungu, walipigania ardhi yao huko Batoche mwaka 1885. Askari wa kuwazima waliletwa kwa reli ambayo ilikuwa bado haijakamilika, na kiongozi wa Wametis, Louis Riel, akanyongwa Regina mwezi Novemba. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa ngano yetu ya Basotu ilipandwa kwenye malisho ya Wabarbaig, nasi vijana wa matrekta tulikuwa tukiyaita mapori.

Kilichowaunganisha walowezi wale ni umbali wenyewe. Mkulima aliyekuwa na ghala moja tu la kuuzia alipokea bei na mizani ya mwenye ghala, hata wakulima wakaamua kujenga maghala yao, na mwaka 1924 ushirika wa Saskatchewan Wheat Pool ukaanza kuuza ngano kwa niaba yao. Ukame wa miaka ya 1930 uliwafukarisha, lakini mazoea ya kuchanga pamoja hayakufa: mwaka 1947 serikali ya Tommy Douglas, waziri mkuu wa jimbo, ilianzisha bima ya hospitali kwa jimbo zima, na mwaka 1962 ikafuata bima ya matibabu ya daktari. Hospitali unayofanyia kazi imesimama juu ya historia hiyo.

Mwaka 1931 Saskatchewan ilikuwa na watu zaidi ya 920,000, ikiwa jimbo la tatu kwa wingi wa watu nchini. Kisha likaja lori, nalo likamfikisha mkulima kwa saa moja mahali ambapo farasi angemaliza kutwa nzima, na trekta likamwezesha mtu mmoja kulima eneo lililokuwa la familia kumi. Nauli nafuu ya kusafirisha nafaka, iliyotokana na mapatano ya mwaka 1897, ilizisaidia njia ndogo za reli kuendelea. Ruzuku iliyochukua nafasi yake ilipoondolewa mwaka 1995, reli nyingi ziling'olewa, maghala ya mbao yakabomolewa, na ngano ikaanza kupelekwa kwenye maghala machache makubwa ya zege. Ghala likiondoka, kodi lililoulipa mji huondoka nalo. Shule hufuata, na wazazi wenye watoto hawakai pasipo shule.

Ukipita tena katika mji ule uliouelezea, simama uingie kwenye duka la ushirika kama bado lipo, uwaamkie wazee, uwaulize ni mwaka gani treni ya mwisho ilipita. Kisha uniandikie.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.